Ferlina wa Kahawa

Ninyi vijana mliokuwa ukumbini pale mtaa wa Kasuku siku ile, mkawaona baba zenu na mama zenu wakisimama juu ya viti na kuipigia kelele filamu, kaeni niwaeleze. Najua mliona haya. Binti mmoja nilimwona akijifunika kitenge usoni ili watu wasijue yule anayetukana ni mama yake. Ninyi filamu mliipenda. Moshi, daraja linavunjika, mashini ya treni inapita juu ya moto, viti vinatetemeka! Mlitoka nje mnasema wazee wa Kindu hawajui sinema.

Wanaijua sana. Shida ni kwamba walimjua shujaa wake, Ferlina, zamani kabla filamu haijazaliwa, wakamjua kwa namna yao, na aliyewajulisha ni mimi. Naitwa Ramazani. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikodisha vitabu vya picha karibu na soko, vile tunavyoviita bede. Siku hizi mikono inatetemeka na macho yanataka jua la saa sita, kwa hiyo nimestaafu. Hakuna ofisi iliyoniandikia barua ya kustaafu. Niliacha siku nilipojikuta nimeshona ukurasa pamoja na kidole changu.

Kwanza niwaambie kazi yenyewe, maana mnadhani ilikuwa kukaa tu na kungoja watu. Nilikuwa na benchi moja refu, sanduku la mbao, na kamba niliyotundikia vitabu kwa vibanio vya nguo. Adui yangu wa kwanza alikuwa mawese. Mtu ametoka kula sombe, yale majani ya muhogo, anakuja moja kwa moja, vidole vinang'aa, anataka bede. Niliweka beseni na kipande cha sabuni mbele ya benchi. Kila msomaji alinawa nikimwona, akanionyesha viganja pande zote mbili. Askari mmoja mwenye cheo alikataa, akasema yeye haamriwi kunawa na raia. Sikubishana naye, nikampa kitabu cha hesabu cha shule. Alikaa nacho dakika mbili, akainuka, akanawa.

Kulamba kidole ili kufungua ukurasa kulikatazwa kabisa. Aliyelamba alisimama nyuma ya benchi na kusoma kwa kuchungulia mabegani mwa wenzake. Nimewasimamisha walimu, nimewasimamisha wafanyabiashara wa Punia waliokuja na magunia yao, na mara moja nimemsimamisha shemeji yangu, naye hakunisalimu mpaka Ramadhani.

Ufundi nilifundishwa na Papa Albert, mzee Mkristo aliyekuwa akishona madaftari makubwa ya ofisi. Ndiye aliyenionyesha gundi ya muhogo: unga laini kabisa, maji baridi kwanza, halafu moto mdogo, unakoroga upande mmoja tu mpaka iwe wazi kama ute wa yai. Mwisho unatia pilipili ya kusaga. Mende wa Kindu wanakula kitabu kwa ajili ya gundi, habari za ndani haziwahusu, na pilipili inawafukuza. Uzi tulifumua kutoka magunia ya mchele, tukaupaka nta. Sindano ilikuwa moja, na nilipoiangusha watu wote waliinua miguu tukaitafuta.

Nilikosea sana mwanzoni. Kuna bede niliyoshona kwa haraka, kurasa za mwisho zikakaa katikati. Jambazi akafa, akazikwa, kisha kurasa mbili mbele yuko mezani anakula kuku. Mnadhani wasomaji walilalamika? Walikuja kuniuliza nani alimfufua! Wengine walikuwa tayari na majibu yao, wakagombana juu yake juma zima. Papa Albert aliposikia alikuja, akakishika kitabu, akatikisa kichwa.

"Ramazani, unashona na hausome? Kwanza usome, kisha ushone. Muntu anaamini kila kitu yenye kushonwa."

Nilicheka. Nilifikiri anazungumzia kurasa tu.

Ferlina nilimpata ndani ya katoni mbili za bede, nilizonunua kwa mtu aliyekuwa anahama na treni muda mfupi kabla ya vita. Vya Ferlina vilikuwa kumi na vinne, vidogo vya kuenea kiganjani, kwa Kifaransa, wino mweusi kwenye karatasi ya kijivu. Hakuna hata kimoja chenye jalada. Majalada yalikuwa ya karatasi ngumu yenye kung'aa, na mke wa yule bwana alikuwa ameyauza yote kwa wauza karanga, maana yanakunjika vizuri na hayavuji chumvi.

Alikuwa msichana anayeendesha treni ya makaa katika nchi isiyotajwa jina. Nchi hiyo ina vita, stesheni zimefungwa, na yeye anapita. Anabeba wagonjwa, anabeba mbuzi, anabeba bibi harusi na sanduku lake. Hana bunduki. Ana koleo la makaa na ana filimbi ya mashini, na anapoishika ile fimbo ya kuondolea treni husema neno moja tu: "Tunaondoka."

Sasa fikirini Kindu ya miaka ile. Treni imenyamaza, reli imeota majani. Mji umefungwa pande zote, na anayekwenda shambani hajui kama atarudi. Chumvi inaletwa kwa ndege, na wengi tunakula bila chumvi. Na hapo kwenye benchi langu kuna msichana anasema "Tunaondoka", na treni inaondoka kweli! Wasiojua Kifaransa niliwasomea kwa Kiswahili, na filimbi niliipiga mwenyewe kwa mdomo, mbili fupi na moja ndefu, kama treni yetu ilivyokuwa ikipiga ikikaribia stesheni. Wakubwa walikuja wakijidai wanawafuata watoto. Walikuwa wanakuja kusikia filimbi.

Vitabu kumi na vinne vinaisha upesi. Baada ya miezi michache watoto walikuwa wamevikariri, wananisahihisha ninapotafsiri. Nilihitaji kitu kipya, na hakikuwepo. Ndipo nikaanza kupaka rangi, ukurasa mmoja kila Alhamisi, wala si zaidi. Siku ya Jumatano watoto walikuwa hawalali vizuri kwa kubahatisha ni ukurasa upi utapata rangi kesho!

Rangi nilitoa wapi? Muuguzi mmoja aliniwekea chupa tupu za dawa, zile ambazo ukizisuuza chini bado kuna matone. Dawa nyekundu ya vidonda ikawa kitambaa cha kichwa cha Ferlina. Dawa ya buluu ikawa nguo yake ya kazi. Manjano ya jikoni yakawa moto na taa. Na uso? Mtazameni kama nilivyomtazama mimi. Kwenye kila picha uso wake umejaa mistari midogo midogo ya wino, nywele zimefungwa zote ndani ya kitambaa. Nilimwona msichana mweusi. Sikuwaza mara mbili. Nikachemsha kahawa mpaka ikawa nzito, nikaitia tone la gundi isisambae, nikampaka mara mbili, mkono mwepesi, midomo nikaiacha.

Kahawa yenyewe ilikuwa ya mke wangu Feza, mkebe wake wa mwisho. Alipoona inapungua alisadiki nina mwanamke mahali ninampelekea. Nikamleta mpaka kwenye benchi, nikamwonyesha ukurasa. Aliutazama kwa makini, nami nangoja matusi.

"Basi umupake na masikio," akasema. "Umesahau masikio."

Alhamisi ya kwanza, wa kwanza kunawa alikuwa Zaina, msichana wa miaka kumi na moja hivi, mwembamba, mwenye sauti ya watu watatu. Alifungua ukurasa wa rangi, akanyamaza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kisha akaulaza mkono wake kando ya picha, rangi kwa rangi.

"Papa Ramazani, mulipima na mukono yangu?"

Watoto wote wakalaza mikono. Nilifurahi mpaka nikawasahau wateja wengine. Toka siku ile wasichana wa mtaa walifunga vitambaa vyekundu, na katika michezo yao hakuna mvulana aliyeruhusiwa kushika fimbo ya mashini. Mvulana alikuwa abiria au mbuzi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Vita bado vinaendelea, na mama mmoja kutoka kijiji cha Tunda amefanikiwa kuingia mjini na karanga. Nikanunua, nikazimimina mdomoni, nikaikunjua ile karatasi kama mtu wa kazi yangu anavyokunjua karatasi yoyote. Ilikuwa jalada la Ferlina, namba tisa, la rangi, limelowa mafuta. Amesimama mlangoni mwa mashini, kitambaa kimempeperuka. Nywele za njano kama mahindi, mashavu ya waridi, na juu ya mashavu masizi ya makaa. Ile mistari yote niliyoipaka kahawa ilikuwa masizi!

Nilisimama pale sokoni na karanga mdomoni, nimeshindwa kutafuna. Niliona aibu ya fundi aliyekosea, lakini zaidi niliogopa. Niliwaona wale wasichana na vitambaa vyao, nikajiambia: wakijua, watamwacha. Watakaa tena kimya majumbani wakisikiliza risasi. Kwa hiyo nikalikausha lile jalada, nikafumua kile kitabu cha hesabu ambacho hakuna aliyekitaka, nikalishonea ndani ya gamba lake kati ya karatasi mbili, nikalifunga kwa gundi ya pilipili. Alhamisi iliyofuata nikachemsha kahawa kama kawaida. Kurasa za kabla ya hapo zilikuwa bahati mbaya, lakini ya siku ile na zote zilizofuata nilizipaka nikijua.

Vita vikaisha, watoto wakakua, simu zikaja na benchi likapungua watu. Zaina sasa ni mwanamke mzima, anaendesha baleinière kutoka Kindu mpaka Ubundu, ile mashua kubwa ya mbao yenye mota, na wanaume wenye ndevu wanamwita kapiteni. Wasomaji wangu wa zamani wana kundi lao kwenye simu, wameliita Benchi. Wamenitia ndani kwa heshima, ingawa simu yangu inajaa na kukwama kila wanapogombana, na wanagombana kila siku.

Halafu ikaja habari kwamba Ulaya wametengeneza filamu ya Ferlina. Ee jamani! Kundi liliwaka moto. Sefu wa pikipiki, ambaye utotoni alikuwa mbuzi wa kudumu, aliandika kwamba hatabeba abiria siku hiyo hata akiitwa na gavana. Mwingine alisafiri na baiskeli kutoka Kibombo. Filamu ililetwa kwa ndege kutoka Goma, katika kidude kidogo kama ukucha, na Zaina akakodi ukumbi saa nane mchana. Wanawake walikuja na vitambaa vyekundu, wengine wamewafungia na watoto wao. Mimi nilikaa nyuma. Katika ukumbi mzima ni mimi peke yangu niliyejua tutaona nini.

Alipotokea kwenye pazia na nywele zake za njano, watu waligeukiana. Kisha ikaanza.

"Ule ni nani?"

"Ule njo dada ya Ferlina. Ferlina atakuja."

"Wanamuita Ferlina! Sikiya, wanamuita Ferlina!"

"Bongo! Uongo mutupu! Wamebadirisha muntu!"

Ninyi mlikuwepo. Sefu alilalamika filimbi imepigwa mara moja tu, bila mbili fupi. Mwalimu mmoja akadai daraja lilikuwa la mbao na hawa wameweka la chuma. Mama mmoja alisema mtia makaa wa Ferlina vitabuni ni mnene na huyu ni mwembamba kama ufito. Mkasikia vijana wenzenu wanawaambia wazazi, "Tafazali mukae, film ni nzuri!" Na kweli ilikuwa nzuri, nami niwe mkweli, ile sauti ya magurudumu ilinisimamisha nywele. Lakini ikafika sehemu ya daraja. Mnakumbuka? Ferlina anafumba macho, na bwana mmoja mwenye koti anamsukuma kando, anashika fimbo yeye, anavusha treni. Hapo ndipo Zaina alipopanda juu ya kiti.

"Hapana! Ule hapana Ferlina! Kwanza wamemuibia rangi yake, sasa wanamuibia na mashini!"

Kesho yake aliandika barua. Ilikuwa barua ndefu, ya Kifaransa, ya kwenda kwa wenye filamu, na ya kuwekwa kwenye mtandao dunia yote isome, pamoja na picha yake akiwa kwenye mashua. Malalamiko ya kwanza: mmechukua shujaa mweusi mkamfanya mzungu. Malalamiko ya pili: mmemnyang'anya fimbo. Na chini: ushahidi tunao, vitabu vya asili viko Kindu kwa Papa Ramazani, tutavipiga picha. Akanipigia simu, sauti ile ile ya watu watatu.

"Papa Ramazani, Ijumaa baada ya swala, mulete bede zote kumi na nne kwangu. Tunawaonyesha wale wantu! Mi nataka dunia yote ione."

Nikajibu ndiyo. Nikaweka simu chini. Mnaelewa? Wenye filamu wangechukua jalada moja tu, la zamani, wakaliweka mtandaoni kando ya barua yake. Watu wangemcheka Zaina mpaka nchi ambazo hatujui majina yake. Zaina, na jina lake, na uso wake, na mashua yake. Na yote kwa sababu ya kahawa yangu.

Nilimweleza Feza. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Ukinyamaza, watamucheka Zaina. Ukisema, watakucheka weye. Ni ngumu wapi?"

Ijumaa nilikwenda. Uwanja wa Zaina uko karibu na bandari, na nilikuta watu kama ishirini wamekaa juu ya madumu na mbao, na turubai jeupe limetandazwa kwa ajili ya kupigia picha. Beseni la maji na sabuni vilikuwa mlangoni! Wote walikuwa wamenawa. Waliponiona walipiga filimbi kwa midomo, mbili fupi na moja ndefu, na nilitamani nirudi nyumbani.

Sikuvitoa vitabu. Nilitoa kile cha hesabu na kisu kidogo.

"Kabla ya picha," nikasema, "kuna kitu nilishona."

Nilianza kufumua. Gundi ya Papa Albert ilikuwa imeshika vizuri, aibu tupu, ikanichukua muda mrefu nao wakinitazama vidole. Lilipotoka nililiweka juu ya turubai. Mafuta ya karanga yalikuwa bado yameliachia madoa, lakini nywele za njano zilionekana wazi, na mashavu, na masizi, na jina lake kwa herufi kubwa.

Sefu ndiye aliyesema kwanza. "Papa Ramazani. Mulijua?"

"Mwanzoni sikujua. Kisha nilijua."

Zaina aliliokota. Alilitazama upande wa mbele, akaligeuza, akatazama nyuma ambako hakuna kitu, akaligeuza tena.

"Toka wakati gani?"

"Toka vita."

"Na kila Alhamisi mulikuwa munachemsha kahawa."

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini hamukutuambia?"

"Niliogopa mutamuacha."

Hapo ndipo alipokasirika. Kabla ya hapo alikuwa ameshangaa tu.

"Tumuache? Papa, miye nilipenda ule mutoto sababu mukono yake iko kwa fimbo ya mashini! Mungenionyesha hii karatasi, ningesema, aa, ni muzungu, basi, muzungu anajua kuendesha, nami nitajua kumupita. Mungetuambia. Mulituchagulia kama vile sisi hatuna akili."

Neno hilo lilinichoma, na bado linanichoma ninapolisema. Nilikuwa nimejitayarisha kuchekwa. Sikuwa nimejitayarisha kusikia kwamba niliwadharau.

Lakini mama mmoja aliyefunga kitambaa chekundu, muuza vitenge, aliinuka juu ya dumu lake. "Zaina, useme yako! Miye nilipenda rangi. Nilikuwa mweusi kuliko wadada yangu wote, wananicheka. Nikaona Ferlina. Ile kahawa njo ilinifanya nitoke inje. Papa asingepaka, nisingefungua hata ukurasa moja."

"Lakini ilikuwa bongo!"

"Bongo yangu, ninaitaka!"

Basi! Ugomvi ukawaka. Watu ishirini wakasimama, nusu wanasema Ferlina ni yule aliyechapwa, nusu wanasema Ferlina ni yule aliyepakwa, na Sefu yuko katikati anauliza kama basi na filimbi nilidanganya. Nikakiri, filimbi pia ilikuwa ya kwangu. Kwenye kitabu imeandikwa mara moja tu, kama ya filamu. Kelele zikazidi! Wengine waliomboleza filimbi kuliko rangi. Mabaharia wa bandari walikuja mlangoni kuangalia ni msiba au harusi. Nami, Mungu anisamehe, katikati ya aibu yangu nilikuwa na furaha kubwa, kwa sababu ilikuwa Alhamisi tena, ingawa ilikuwa Ijumaa.

Zaina akapiga bati kwa spana mpaka wakanyamaza.

"Namba tisa," akaniambia. "Daraja. Nani anashika fimbo? Na musinidanganye."

Niliwapa namba tisa. Wakakipokezana kwa vidole safi mpaka ukurasa wa daraja. Nilikuwa nimepaka kahawa usoni na manjano kwenye moto, lakini mikono sikuwahi kuigusa. Ilikuwa wino mtupu wa kiwandani. Ferlina, peke yake, macho wazi, mikono miwili kwenye fimbo. Hakuna bwana mwenye koti ukurasa ule wala ukurasa wa mbele yake. Wote wakakiangalia, wale wa aliyechapwa na wale wa aliyepakwa, na kwa mara ya kwanza siku ile walikubaliana.

Zaina akaleta barua, akaisoma upya kwa sauti. Alipofika kwenye malalamiko ya kwanza alisimama, akanipa kalamu.

"Mufute wenyewe."

Nilifuta. Mstari ulikwenda upogo, lakini nilifuta neno kwa neno mpaka mwisho. Muuza vitenge akataka iandikwe kitu mahali pake, na baada ya ugomvi mwingine tuliandika hivi: kwamba sisi wa Kindu Ferlina wetu amekuwa mweusi tangu vita, kwa sababu ya mkebe wa kahawa, hatuwadai mbadilishe, tunawajulisha tu kwamba yupo. Malalamiko ya pili yalibaki kama yalivyokuwa, na Zaina aliyapigia mstari chini: mrudishieni fimbo.

Kisha watu wakatia sahihi, kila mmoja jina na kazi yake. Zaina, dereva wa baleinière. Sefu, dereva wa pikipiki. Mwalimu, muuza vitenge, wote. Mimi nilikaa kando nikishona upya kile kitabu cha hesabu, sikutegemea kuitwa. Zaina aliniletea karatasi mpaka pale nilipokaa.

"Na ninyi. Jina na kazi."

Niliandika: Ramazani, mkodishaji wa vitabu vya picha. Sikuwahi kuiandika kazi yangu kwenye karatasi ya mtu yeyote, na niliitazama kidogo.

Zaina aliisoma. Alinyoosha mkono akaichukua kalamu, akainama juu ya goti langu, na baada ya jina langu akaongeza maneno mawili, kwa herufi kubwa, wote waone: "na muongo". Uwanja mzima ulicheka, yeye zaidi ya wote, mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Barua ikaenda hivyo hivyo.